Reli ya Chevy Chase Haikujengwa kwa Ajili ya Abiria

Wapo waandishi wa historia ya miji wanaopenda kuwasifu matajiri wa Marekani waliojenga reli za kwanza za tramu za umeme, kana kwamba watu hao walitoa sadaka kwa umma. Sifa hizo hawazistahili. Mfano wa reli ya Rock Creek, iliyotoka mjini Washington hadi Chevy Chase, unatosha kuzibatilisha.

Ni kweli kwamba tramu ya umeme ilikuwa hatua kubwa ya maendeleo. Tangu mhandisi Frank Sprague alipofaulu kuiendesha mjini Richmond mwaka 1888, farasi waliokokota mabehewa walianza kupitwa na wakati, na mfanyakazi akaweza kuishi mbali na kazi yake. Lakini chombo ni jambo moja, na anayekishika ni jambo jingine.

Mwaka huo huo wa 1888, Bunge la Marekani lilitoa kibali cha reli ya Rock Creek. Baadaye reli hiyo iliangukia mikononi mwa Francis Newlands, mkwe wa tajiri wa madini ya fedha wa Nevada. Mwaka 1890 Newlands aliunda kampuni ya ardhi, na kupitia mawakala zikanunuliwa ekari zaidi ya 1,700 kandokando ya njia iliyokusudiwa. Ndipo vilima vikakatwa, mabonde yakajazwa, madaraja yakajengwa, na mwaka 1892 tramu zikaanza safari. Shabaha haikuwa nauli. Shabaha ilikuwa kununua shamba na kuuza kiwanja. Reli ilikuwa chambo tu.

Na nani alikaribishwa huko? Masharti yalitaka nyumba ya barabara kuu ya Connecticut isigharimu chini ya dola 5,000, na ya mitaa ya pembeni dola 3,000. Fundi na kibarua walifungiwa mlango bila hata kutajwa. Newlands mwenyewe, akiwa seneta, mwaka 1912 alitaka haki ya kupiga kura iwe ya Wazungu peke yao.

Watetezi wake husema kwamba bila bepari reli isingejengwa. Hoja hiyo inasahau kwamba kibali kilitolewa na Bunge, yaani na umma. Umma uliotoa kibali ulistahili sehemu ya thamani iliyopandishwa na kibali hicho, walau kwa ajili ya kuendeshea usafiri wenyewe. Haikuwa hivyo. Mwaka 1935 tramu za Chevy Chase ziliondolewa na mabasi yakashika nafasi yake. Kampuni ya ardhi ikabaki.

Basi mwalimu anayefundisha historia ya usafiri asiishie kwenye mota na nyaya, wala afisa mipango asiridhike na ramani ya njia. Kila mmoja aulize kwanza: kabla reli haijapita, ardhi ya kandokando ilikwisha kuwa mali ya nani?