Ndege mmoja, jina gani?

Orodha ya maneno 100 ya Morris Swadesh inauliza "ndege" mara moja tu. Nilipoitumia kwetu Kabambare, bibi yangu alijibu kwa Kibangubangu, nikaandika, nikapita. Wakati huohuo shore, yule mwenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia, alikuwa akidonoa papai uani. Sikuuliza jina lake. Bibi ameshafariki, sisi wajukuu tunasema "kandege" tu.

Swadesh hana kosa: orodha yake ni ya kulinganisha lugha, si ya kuhifadhi msamiati. Kosa ni letu tunaoishia hapo. Anayekwenda Kasongo kutafiti Kizimba au Kikusu aanzie bustanini, aulize kila ndege anayeimba anaitwaje. Orodha itamngoja, wazee hawatamngoja.