Wasee wa Kaaga, Stori ya Tabianchi Inaanzia kwa Ndoo ya Taka

Leo tunabonga tabianchi. Najua ushaanza kuchoka, juu kila mara hii stori ikiletwa ni ile ile ya "zima taa, panda mti, okoa dunia." Tulia kidogo. Tuanze na hiyo taa.

Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa vitu safi: mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana na jua. Ukizima taa unaokoa tokeni zako, na hiyo ni poa, lakini hewa chafu haijapungua sana. Huo ushauri una nguvu zaidi kwa nchi ambazo bado zinachoma makaa ya mawe ndio zipate stima. Msee wa Kaaga akitaka kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, aangalie vitu vitatu: jiko la makaa, mafuta ya nduthi na mathree, na takataka.

Jiko na nduthi zinataka doo ya kuanzia. Mtungi wa gesi wa kilo 6 si bei ya soda, na nduthi ya stima hupati kwa pesa ya mfukoni. Takataka inataka ndoo ya pili tu. Ndio maana tunaanzia hapo.

Ganda la ndizi linachafua hewa aje?

Pitia Gakoromone jioni soko ikifungwa. Chini kumebaki nini? Majani ya kabeji, maganda ya ndizi, nyanya zimepondeka, avokado zimeharibika. Zunguka nyuma ya kibandaski chochote karibu na KeMU, stori ni hiyo hiyo. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni chakula na vitu vingine vinavyooza.

Hivyo vitu vikioza shambani na hewa ikipita, vinageuka mboji na maisha yanaendelea. Vikirundikwa jalalani chini ya taka zingine, hewa inakosa, na vijidudu vinavyovila vinatoa gesi inaitwa methani. Kwa miaka 20 ya kwanza, methani inapasha dunia joto karibu mara 80 kushinda kaboni dioksaidi ya uzito sawa. Kwa hivyo ganda lenyewe halina noma. Noma ni pahali umelitupa.

Halafu kuna hasara ya pili. Chupa ya plastiki ikiwa safi, kuna msee wa skrapa ataichukua. Ikiwa imeoga mchuzi wa maharagwe, hata yeye anaipita. Mvua ikinyesha, inasombwa hadi Kathita, Kathita inateremka Tharaka, na mwisho inaingia Tana. Wewe ulimaliza soda yako Makutano ukasahau. Mtu wa huko chini anachota maji na chupa yako iko ndani.

"Lakini sisi tunachafua kidogo tu"

Hapo hujakosea. Kenya inatoa sehemu ndogo sana ya gesi chafu za dunia. Nchi zenye viwanda vikubwa ndizo zilileta hii shida na zinafaa kulipa. Mtu asikuambie ati mama mboga wa Gakoromone ndiye ameharibu mvua.

Shida ni kwamba bili haiulizi nani alikula. Lewis, ile barafu kubwa ya Mlima Kenya, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kuanzia 2020 hadi 2022 mvua ilikataa msimu baada ya msimu, na mifugo ikaisha kaunti kavu. Halafu 2024 mvua ikarudi na hasira: mafuriko ya Machi hadi Mei yakaua zaidi ya watu 200 Kenya. Ukiona bei ya sukuma na viazi imeruka bila kubisha hodi, jua hali ya hewa imetia mkono hapo.

Na kuna uharibifu ambao ni wetu wenyewe. Mwaka wa 1999 KWS ilirusha ndege juu ya Mlima Kenya na misitu ya Imenti. Walichoona ni miti ikikatwa na makaa yakichomwa, na Imenti ya Chini ilikuwa karibu imekwisha. Hiyo haikufanywa na kiwanda cha ng'ambo. Makaa huchomwa juu kuna mtu wa town anayanunua. Mwaka uliofuata msitu wa mlima ukawekwa chini ya ulinzi wa KWS. Kitu kimeharibiwa na mikono ya hapa, mikono ya hapa inaweza kukizuia.

Sheria iko, ndoo ndiyo hakuna

Wasee wengi hawajui hii: kutenganisha taka si hisani tena. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka kila taasisi, ya serikali au ya binafsi, itenganishe taka zinazooza na zisizooza, na iziweke kwa vyombo vyenye alama na rangi tofauti. Aprili 2024 NEMA nayo ikatoa siku 90 watu waache kutia taka zinazooza kwa mifuko ya plastiki ya kawaida. Sasa angalia ploti yako. Kuna pipa ngapi? Moja, na limefurika.

Usiseme Wakenya hawawezi kubadilika. Agosti 2017 majuala ya kubebea shopping yalipigwa marufuku, faini ikafika hadi milioni 4. Watu walilia ati soko litakufa. Soko haikufa. Tulinunua vikapu.

Form ni gani basi?

Ukiwa kejani, tafuta ndoo mbili. Moja ya maganda na mabaki ya chakula, nyingine ya vitu vikavu: chupa, karatasi, mikebe. Suuza chupa kabla hujaitupa. Kama una kipande cha shamba, hata nyuma ya nyumba ya shosho, changanya maganda na majani makavu, geuza kila wiki, na baada ya miezi michache uko na mboji. Mwaka wa 2022 gunia la mbolea la kilo 50 lilipita shilingi 6,000. Wewe unaitupa bure.

Ukiwa na hoteli au kibanda, umekalia mali. Meru imezungukwa na wafugaji. Mwenye ng'ombe anataka maganda ya ndizi na majani ya kabeji, mwenye nguruwe anataka mabaki ya jikoni. Ongea na mmoja akuchukulie kila jioni. Sharti ni moja: usitie vijiti vya meno, vifuniko wala plastiki, juu hizo zinaua mnyama. Na kama wewe ni kijana unatafuta hustle, fikiria kuwa yule wa katikati, mwenye mkokoteni anayetoa taka kwa hoteli kumi na kuzifikisha kwa mfugaji.

Wenye kufunga bidhaa nao wajifunze kwa miraa. Tangu kitambo inafungwa na majani ya ndizi, inafika Nairobi ikiwa bado freshi, na ule mfuniko ukitupwa unaoza. Teknolojia ya nyumbani hiyo, haikungoja semina ya hoteli kubwa.

Mwenye ploti, hasa wa hosteli za wanafunzi, wewe ndiye una nguvu kushinda wote. Mapipa mawili kwa geti, yaandikwe wazi, na msimamizi wa ploti aambiwe. Wapangaji 40 wanabadilika kwa wiki moja.

Na lori likija lichanganye?

Hili ndilo swali la maana, na ndilo linavunja watu moyo. Umetenganisha wiki nzima, halafu lori linakuja linamwaga kila kitu pamoja. Enyewe inakera. Lakini sheria hiyo ya 2022 inamfunga pia mwenye kubeba: taka zilizotenganishwa lazima zibebwe zikiwa zimetenganishwa. Na Katiba, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kwa hivyo kama mnalipa kampuni ya taka, ulizeni kabla ya kulipa mwezi ujao. Kama ni kaunti, kuna vikao vya maoni ya wananchi kila wakati wa bajeti, na huwa vinajaa wazee peke yao. Ingieni na mbogi yenu, muulize lori la taka zinazooza liko wapi. MCA anaogopa vijana ishirini wenye swali moja kushinda posti elfu moja.

Hata kabla lori halijanyooka, maganda yaliyoenda kwa ng'ombe hayako jalalani. Hayo hakuna mtu atayachanganya tena.

Ndoo ya pili ni bei ya lunch mbili. Utaiweka wapi kwa keja yako?