MASHINE YA CHUMVI NA UMEME: IJE PAMOJA NA MAPATANO



Maji mengi tunayokunywa Embu na Meru hushuka kutoka Mlima Kenya. Mto Rupingazi hupita Embu, na Kathita hupita Meru. Mvua kubwa ikinyesha mito hubeba udongo, na hapo wenzetu wa mitambo ya kusafisha maji hutia shabu ya kutuliza tope, kisha klorini ya kuua vijidudu. Mwenye nyumba akifungua bomba huona maji tu, hamwoni mtu aliyebeba dawa ile. Sisi twamwona, kwa sababu ni mwanachama mwenzetu, na leo twataka kunena juu ya macho yake na kifua chake.

Klorini huja kwetu kwa njia mbili: ama gesi katika mtungi, ama unga katika ndoo. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa vitani huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, kuwaua askari katika mahandaki. Wala hatari yake haikuishia vitani. Tarehe 27 Juni 2022, katika bandari ya Aqaba, Yordani, kamba ya winchi ilikatika na tangi la klorini likaangukia meli. Watu 13 walikufa na zaidi ya 200 wakaumia, na wengi wao walikuwa wafanyakazi kama sisi. Unga nao si mpole. Vumbi lake huunguza macho na koo. Ukiguswa na mafuta waweza kuwaka moto. Ukichanganyika na asidi hutoa gesi ile ile.

Sasa iko njia ya tatu. Mashine huyeyusha chumvi katika maji, kisha hupitisha umeme kati ya mabamba mawili ya madini. Kutoka humo hupatikana dawa iliyo jamii moja na Jik, lakini hafifu zaidi, ambayo hutiwa katika maji siku hiyo hiyo. Hakuna mtungi wa kusafirisha barabarani wala ndoo ya unga wa kuchota kwa kopo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo moja ya klorini huhitaji chumvi kilo 3 hivi, umeme uniti 4 hadi 5, na maji lita 125. Tuseme mtambo watoa maji mita za ujazo 5,000 kwa siku, na kila mita hutiwa gramu 2. Mtambo huo wataka klorini kilo 10, yaani chumvi kilo 30 na umeme uniti 40 hadi 50. Chumvi yachotwa Kilifi. Umeme wazaliwa hapa hapa: Kindaruma yatoa umeme tangu 1968, na Gitaru, yenye megawati 225, tangu 1978. Hata maji ya Rupingazi huingia Thiba, na Thiba huingia bwawa la Kamburu. Basi mali ghafi yote ya dawa hii tunayo nchini.

Isipokuwa kitu kimoja, nacho ndicho moyo wa mashine: yale mabamba. Zamani viwanda vya klorini vilitumia mabamba ya grafiti, ambayo yalilika na kubadilishwa kila mara. Viwanda vingine vilitumia zebaki, na vingine viliweka ukuta wa asbesto ndani ya mtambo. Wafanyakazi walilipa deni la vitu hivyo kwa miili yao. Katika miaka ya 1960 fundi mmoja aitwaye Henri Beer aligundua bamba la namna nyingine. Ndani ni titani, ambayo haililiwi na klorini. Juu yake ni ngozi nyembamba sana ya oksidi za madini yaliyochanganywa, kama ruteni, iridi na titani yenyewe. Ngozi hiyo ni kichocheo: huifanya klorini itoke kwa umeme kidogo, na bamba hudumu miaka badala ya miezi. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa zebaki katika viwanda hivyo. Wataalamu wanaendelea kutafuta michanganyiko mingine, kama ya bati, ili ruteni na iridi, ambazo ni ghali na adimu, zitumike kidogo.

Kwa nini chama kieleze mambo ya kiufundi namna hii? Kwa sababu asiyejua bamba atakuwa mtumwa wa mashine, na anayelijua atakuwa fundi wake. Bamba huharibika likiendeshwa kwa chumvi pungufu au kwa maji ya baridi mno, na maji yetu hutoka mlima wenye barafu. Chumvi chafu na maji magumu huweka ukoko mweupe juu ya bamba la pili, nao sharti usafishwe kwa asidi. Fundi huyo asipokuwa mtu wetu, kila hitilafu itangoja mtu wa kutoka mbali, na mwananchi atakunywa maji yasiyo na dawa.

Wako wanachama wanaosema mashine itawafukuza kazi. Hofu hiyo ina msingi, kwani yule aliyebeba ndoo hataibeba tena. Lakini hatuwezi kutetea kazi ya kuvuta sumu ati kwa sababu ni kazi. Tunachotetea ni mtu. Mtu huyo ndiye apelekwe mafunzo kwanza, kabla ya kijana yeyote kutoka nje.

Tena wako waajiri watakaosema mashine haina hatari hata kidogo. Hilo si kweli. Kila kilo moja ya klorini huambatana na lita zaidi ya 300 za hidrojeni. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, hupanda juu na kujikusanya chini ya paa, na ikifikia asilimia 4 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Nayo asidi ya kusafishia mabamba ikikutana na dawa, gesi ya Ypres hurudi. Kibanda kilichojengwa kwa ajili ya ndoo za unga hakifai kuwa nyumba ya mashine hii.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mashine ije, lakini mapatano yatiwe sahihi kabla haijafungwa:

1. Asiachishwe kazi mtu yeyote kwa ajili yake, na walioshika unga na mitungi wafundishwe kwanza.

2. Nyumba iwe na matundu ya hewa juu kabisa, na feni iungwe na mashine, feni ikizima na mashine izime.

3. Asidi iwekwe chumba chake, na glavu, miwani na maji ya kunawia macho viwepo kila zamu.

4. Mabamba ya akiba yanunuliwe pamoja na mashine, si baada ya kuharibika.

5. Nguvu ya dawa ipimwe kila siku, kwa sababu hupungua ikikaa, hasa wakati wa joto.

Haya si kuomba hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Tena yasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo kabla hajaiondoa.

Neno la mwisho. Chumvi ina wachimbaji wake: mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa wazi huko Magarini juu ya malalamiko dhidi ya viwanda vya chumvi. Ruteni na iridi hutoka zaidi Afrika Kusini, pamoja na platini, na huko Marikana, tarehe 16 Agosti 2012, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimbaji 34 waliokuwa katika mgomo. Dawa haiwezi kuitwa safi ikiwa ni safi kwetu tu. Tukidai haki yetu, tuwakumbuke na hao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila tawi lijadili masharti haya matano katika mkutano wake ujao, na liandike jibu kwa katibu. Mashine bado haijafika mlangoni. Huu ndio wakati wa kusema.

Umoja ni nguvu.