Virusi Vimefubazwa, Je, Moyo?

Mwanamke aliyeanza kumeza ARV mwaka 2004, Tanzania ilipoanza kuzitoa bure, akiwa na miaka 32, leo ameshavuka 50. Wakati ule swali lilikuwa kama atauona mwaka unaofuata. Ameuona, na mingine mingi. Amesomesha watoto, amepakata wajukuu, na wingi wa virusi mwilini mwake umeshuka hadi kipimo hakivioni. Hedhi nayo imekoma. Sasa anaingia katika kipindi ambacho ugonjwa wa moyo unaweza kuvitangulia VVU kumuua, na huduma iliyomfikisha hapa bado inamtazama kwa jicho la mwaka 2004.

Toleo hili limebeba hoja moja: kukoma hedhi na kuishi na VVU ni hatari mbili zinazokutana katika mishipa ileile ya damu, kwa hiyo zipimwe na kutibiwa katika chumba kilekile.

Homoni ya estrojeni huisaidia mishipa ibaki laini na kutanuka inapotakiwa. Inaposhuka, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, lehemu mbaya hupanda haraka karibu na hedhi ya mwisho, mafuta huhamia tumboni, na presha huanza kupanda. VVU navyo vina njia yao. Dawa huvizuia visizaliane lakini hazivimalizi, na kinga ya mwili hubaki katika mapambano ya chini kwa chini miaka nenda miaka rudi. Mapambano hayo huujeruhi utando wa ndani wa mishipa, na hapo ndipo mafuta hupata pa kujishikiza. VVU si virusi pekee vyenye tabia hiyo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika siku saba baada ya mafua makali ya influenza kuthibitishwa maabara, hatari ya shambulio la moyo huwa takribani mara sita ya kawaida. Tofauti ni kwamba mafua hupita, VVU hukaa.

Kwa jumla, hatari ya ugonjwa wa moyo kwa mwenye VVU inakaribia mara mbili ya asiye navyo. Kwa wanawake pengo ni pana zaidi. Takwimu za hospitali mbili za Boston zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kuwa wanaume wenye VVU walipata shambulio la moyo mara 1.4 ya wenzao wasio na virusi. Wanawake, karibu mara tatu.

Tuje kwenye benchi la kliniki, maana huko ndiko mambo yanakochanganyika. Mama anaamka saa tisa usiku, kanga imelowa jasho, moyo unamwenda mbio. Je, ni joto la kukoma hedhi? Ni dawa? Ni moyo wenyewe? Yeye mwenyewe huenda akaamua kuwa dawa zimemkataa, akaruka dozi. Akiyaeleza hayo kliniki, anaambiwa, "Ni umri, mama." Swali la hedhi ya mwisho aliulizwa alipokuwa kijana, kwa ajili ya mimba; akishapita umri wa kuzaa, haliulizwi tena. Na shambulio la moyo kwa mwanamke si lazima lije kwa maumivu ya kifua yanayomkunja mtu. Linaweza kuja kama uchovu usioelezeka, pumzi kukatika, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo. Mama huyu akinywa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudi nyumbani, tumempoteza machoni petu.

Dawa ya kuukinga moyo ipo. Utafiti wa REPRIEVE, uliochapishwa mwaka 2023, uliwafuatilia watu 7,769 wenye VVU, wa miaka 40 hadi 75, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Kidonge kimoja kwa siku cha pitavastatini, mojawapo ya statini, yaani dawa za kushusha lehemu, kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Inatuuma kwamba wanawake hawakufika hata theluthi ya washiriki, ilhali kusini mwa Sahara ndio wengi miongoni mwa wanaoishi na VVU.

Tunajua tutakavyojibiwa: manesi wamezidiwa, fedha za wafadhili zilikuja kwa jina la ugonjwa mmoja, na tangu mwaka 2025 hata hizo zimeyumba. Yote ni kweli. Lakini utafiti wa INTE-AFRICA, uliofanyika katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda, uliweka wagonjwa wa VVU, sukari na presha kwenye benchi moja, na udhibiti wa VVU haukudorora. Tena fedha zikipungua, ndipo inapozidi kuwa hasara kumwita mama huyohuyo kliniki tatu kwa siku tatu, nauli ikitoka mfukoni mwake.

Tunachodai si mashine za gharama. Presha ipimwe kila anapokuja kuchukua dawa. Aulizwe hedhi ilikoma lini, usiku analalaje, akipanda ngazi anapumuaje. Statini ziko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Kilichobaki ni kuamua dirisha gani la dawa litampa, na kwa fedha za nani. Makala ya kwanza ya toleo hili inaanzia hapo.