Mwendo wa Garimoshi Huanzia Langoni

Kila mwaka kurasa hizi hujaa maoni kuhusu nidhamu, mihadarati na umuhimu wa Kiswahili. Ni mada nzuri, wala sizikatai. Lakini leo naomba niwapeleke mbali kidogo, hadi Uchina, kisha niwarudishe papa hapa Voi, kwa sababu nina neno lililonikaa kooni tangu mwaka wa 2024.

Neno lenyewe ni hili. Watu husifu garimoshi la kasi kwa sababu ya mbio zake. Mimi nasema mbio hizo hazipimwi relini peke yake. Hupimwa pia langoni, na anayeweza kuzipima vizuri kuliko wote ni mgeni anayeishi katika nchi ile.

Dada yangu mkubwa alikwenda Uchina Septemba 2022 kusomea uhandisi katika mji mmoja wa bara. Yeye si mtalii. Mtalii hupiga picha akaenda zake. Dada ananunua vitunguu sokoni, ana daktari wake wa meno, na anajua jina la paka wa bawabu wa bweni lao. Nyumba yake ni huko mpaka amalize masomo. Kwa hivyo anayoniambia kuhusu magarimoshi ya huko ni maneno ya mtu anayeyapanda mara kwa mara, kama sisi tunavyopanda matatu.

Sisi watu wa Voi tunajiona mabingwa wa reli. Reli ya zamani ilipita hapa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ile mpya ikafunguliwa mwaka wa 2017. Gari la abiria la reli mpya likikata upepo kwa kilomita 120 hivi kwa saa, nilidhani hiyo ndiyo kasi yenyewe. Dada akanicheka. Huko Uchina, magari yenye herufi G hukimbia hadi kilomita 350 kwa saa. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318, karibu mara tatu ya Mombasa hadi Nairobi, na mtu huwasili baada ya saa nne na nusu hivi. Njia ya Beijing hadi Tianjin ilifunguliwa mwaka wa 2008, na kufikia mwisho wa 2024 reli za kasi nchini humo zilikuwa zimepita kilomita 48,000. Wanajiografia wenzangu, Ikweta yote ni kilomita 40,000 na kidogo. Hebu fikirini!

Kwanza nilipe sifa zinazostahili. Dada asema gari lile huondoka kwa dakika iliyoandikwa. Hakuna makanga wa kukuvuta mkono, wala hakuna kuambiwa gari limejaa kumbe bado linangoja watu. Msichana aweza kusafiri peke yake bila wasiwasi. Kila behewa lina bomba la maji moto ya bure, na abiria hujimiminia chai na tambi zao. Safari yake ya kwanza alipewa kiti chenye herufi F, akadhani ni kiti cha sita, basi akawa anakitafuta kiti cha sita katika safu ya viti vitano. Kumbe huko viti vya daraja la pili ni A, B na C upande mmoja, kisha D na F upande wa pili. Hakuna E! Bibi mmoja mzee akamshika mkono, akamketisha dirishani, akampa chungwa.

Lakini kabla ya kufika kwenye kile kiti, mgeni ana mambo ya kujua, na hapa ndipo naomba mnisikilize.

La kwanza ni jina la stesheni. Mji mmoja huweza kuwa na stesheni tatu au nne, nazo hutofautishwa kwa pande za dunia: dong ni mashariki, nan ni kusini, xi ni magharibi na bei ni kaskazini. Guangzhou, mji wenye Waafrika wengi, una stesheni ya zamani, ya mashariki na ya kusini, na hiyo ya kusini iko mbali na katikati ya mji. Asiyejua nan ni nini aweza kushuka kwenye teksi akiwa na tikiti halali mbele ya stesheni isiyo yake.

La pili ni wakati. Lango hufungwa dakika chache kabla ya gari kuondoka, na kabla ya lango kuna ukaguzi wa mizigo na foleni yake. Njiani, gari husimama stesheni nyingine kwa dakika mbili tu.

La tatu, na hili ndilo kubwa, ni hati. Tangu mwaka wa 2011 tikiti za magari haya huuzwa kwa jina na nambari ya kitambulisho cha abiria. Siku hizi tikiti ya karatasi imekwisha kazi, kitambulisho chako ndicho tikiti. Mwenyeji huweka kadi yake juu ya mashine, lango likafunguka kufumba na kufumbua. Mgeni hutumia pasipoti, na katika stesheni nyingi mashine imekuwa haiitambui. Basi yeye huenda kwenye lango la pembeni lenye mtumishi, apange foleni pamoja na wenye mizigo mikubwa na akina mama wenye vigari vya watoto. Gari ni la kilomita 350 kwa saa, lakini yeye yuko hapo anasogea hatua moja moja.

Sasa niwaambie kisa chenyewe. Mwishoni mwa Septemba 2024, nikiwa kidato cha kwanza, nyanya yetu alifariki kule milimani Taita. Nyanya ndiye aliyemlea dada tangu akiwa wa miaka mitatu, na aliuza kabichi na nyanya sokoni Wundanyi ili dada avae sare ya shule. Mazishi yakapangwa Alhamisi, tarehe 3 Oktoba. Dada akakata tikiti ya ndege ya kutoka Guangzhou usiku wa Jumanne. Kufika Guangzhou ilimbidi apande garimoshi, safari ya saa nne hivi.

Jumanne hiyo ilikuwa tarehe mosi Oktoba, sikukuu ya taifa ya Uchina. Wiki hiyo nchi nzima husafiri. Dada alibahatika kupata kiti kimoja kwa simu. Akafika stesheni mapema, akapita ukaguzi, akapanga foleni ya lango la pembeni. Mtumishi akaweka pasipoti kwenye mashine. Hakuna tikiti. Akarudia. Hakuna tikiti!

Kosa lilikuwa wapi? Dada alikuwa amekuja likizoni Julai mwaka huo, akabadilisha pasipoti iliyokaribia kuisha muda. Pasipoti mpya ina nambari mpya. Lakini simu yake ilikuwa bado imehifadhi nambari ya zamani, na katika majonzi yake alinunua tikiti kwa nambari hiyo. Jina ni lile lile, picha ni yeye yule yule, lakini kwa mashine huyo ni mtu mwingine. Pasipoti ya zamani aliiacha bwenini. Akatumwa kwenye dirisha la tikiti ghorofa ya chini, foleni ya watu wa sikukuu. Alipofika dirishani, gari lake lilikuwa limeshaondoka, na viti vya siku hiyo vyote vimeuzwa. Alikaa sakafuni akalia. Mwanamke mmoja mfagiaji alimletea kikombe cha maji moto, akasimama naye bila kusema kitu, kwa maana hawakuwa na lugha moja.

Aliondoka kesho yake. Ndege ilikuwa imekwenda. Alifika nyumbani Ijumaa jioni, tarehe 4. Sisi tulikuwa tumezika Alhamisi. Maua yalikuwa bado hayajanyauka.

Nyumbani mjadala ukaanza na mpaka leo haujaisha. Mama husema, "Gari gani hilo lisilo na utu? Hata matatu ya mjomba wenu ingemngoja." Baba naye hushikilia kwamba kosa ni la dada, kwa kuwa anayesafiri hukagua hati zake. Mjomba, ambaye ni dereva, humwambia mama kwamba yeye mwenyewe hangoji mtu, hungoja nauli!

Mimi maoni yangu ni haya. Baba ana haki nusu. Mgeni ana wajibu wa kujifunza desturi za anakoishi, kwani mwacha mila ni mtumwa lakini asiyejifunza njia hupotea. Garimoshi lenye abiria zaidi ya elfu moja haliwezi kungoja mtu mmoja. Likichelewa dakika tano, linalolifuata nyuma nalo litachelewa. Sitaki gari lingoje.

Lakini mama naye ana haki nusu. Gari haliwezi kungoja, sawa, ila lango laweza kupanuliwa. Kama mashine yaweza kumtambua mwenyeji kwa nukta moja, yafaa pia imtambue mtu aliyepewa kibali cha kuishi nchini humo. Kama makosa ya nambari hutokea, pawe na mtu karibu na lango mwenye uwezo wa kuyasahihisha, si dirisha lililo ghorofa nyingine. Ni kweli mambo yanabadilika. Programu ya simu ya kununulia tikiti ina Kiingereza, na baadhi ya malango siku hizi husoma pasipoti. Nafurahi. Hiyo yaonyesha kwamba jambo lenyewe lilikuwa linawezekana, ila lilingoja mtu alifikirie. Wanaojenga reli huanza kwa mwendo, na mgeni hukumbukwa mwishoni.

Msidhani nawanyoshea kidole Wachina peke yao. Nitakiri jambo moja. Kabla ya kifo cha nyanya, nilikuwa stesheni moja ya huku kwetu na rafiki zangu, tumemsindikiza shangazi. Palikuwa na mzee mmoja kutoka nchi jirani, anayefanya kazi huku, akizungumza Kifaransa na Kiswahili cha kwao. Tangazo likatolewa haraka haraka kwa kipaza sauti. Hakuelewa, akakimbilia upande usiofaa na sanduku lake kichwani. Sisi tulicheka mpaka tukashikana mbavu. Hakuna aliyenyoosha hata mkono kumwonyesha. Aliwahi gari kwa bahati yake tu. Dada aliponisimulia kuhusu mfagiaji na kikombe cha maji, nilimkumbuka yule mzee na sanduku lake, nikanyamaza. Mfagiaji yule hakuwa na mamlaka ya kufungua lango, lakini alifanya alichoweza. Mimi nilikuwa na lugha, na sikufanya kitu.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwa ndugu zetu walio ng'ambo au wanaojiandaa kwenda: jina la tikiti lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, nambari ikaguliwe upya kila mnapobadilisha hati, na pasipoti mbili zisafiri pamoja. Dada amezifunga zake kwa mpira mmoja. Kila Septemba huwapa wanafunzi wageni kutoka huku kwetu karatasi moja aliyoiandika kwa Kiswahili, yenye dong, nan, xi na bei.

Kwa wakubwa wanaopanga reli zetu: msiulize tu gari litakwenda kilomita ngapi. Ulizeni pia, mtu asiye na kitambulisho chetu na asiyejua lugha yetu atapitaje langoni?

Ombi la tatu ni kwa Chama chetu cha Kiswahili. Siku za kufunga shule stesheni ya Voi hujaa. Sisi wanafunzi wa kutwa tuko papa hapa. Kwa nini tusipeane zamu, wawili wawili, tukawaonyesha wageni mahali pa kusimama na kuwaeleza tangazo limesema nini? Hatuhitaji pesa, tunahitaji ruhusa ya mkuu wa stesheni na ujasiri kidogo wa kumsalimu mtu tusiyemjua. Niko tayari kuwa wa kwanza.

Nyanya hakuwahi kupanda garimoshi la aina yoyote maishani mwake. Lakini mgeni akifika kwake hakuulizwa ametoka wapi kabla ya kupewa kiti. Dada hakuwahi kumzika. Mimi najaribu kumzika vizuri kwa njia hii.