Nunua maneno kwanza, besi baadaye

KAULI YA JUMAMOSI
Na Salum Mbwera

Ingia duka lolote la elektroniki Kariakoo, useme unatafuta spika za kutazamia sinema nyumbani. Kabla hujamaliza kueleza ukubwa wa sebule yako, kijana wa dukani ameshashika rimoti, besi ameipandisha hadi mwisho, taa za rangi zinawaka kwenye sabufa na kioo cha kaunta kinatetemeka. "Huu ndio mziki mnene, bosi wangu." Unalipa, unabeba boksi. Usiku tamthilia inaanza, baba mkwe anamnong'oneza binti siri ya urithi, na sebule nzima inaulizana: "Kasemaje?"

Msimamo wangu ni huu: mwenye bajeti ndogo achague spika kwa sauti ya mtu anayeongea. Besi ingoje zamu yake. Taarifa ya habari ni watu wanaongea. Tamthilia ni watu wanaongea. Hata mechi ya Simba na Yanga, ukiondoa kelele za jukwaani, anabaki mtangazaji. Ukiwa hushiki anachosema, umenunua kelele.

Tatizo linaanzia kwenye spika zenyewe. Seti ya bei nafuu ya spika tano na sabufa moja ina vijispika vya plastiki vyenye koni ya inchi 3, wakati mwingine chini ya hapo. Katika sinema iliyorekodiwa kwa mfumo huo, sehemu kubwa ya mazungumzo hupelekwa kwenye spika ya katikati, na katika seti hizi spika ya katikati mara nyingi ni kile kile kijispika cha pembeni kilicholazwa ubavu. Kazi kubwa kuliko zote kapewa aliye dhaifu.

Sauti ya mwanaume mzima huanzia kati ya hezi 85 na 155. Koni ndogo namna hiyo haifiki huko kwa nguvu ya maana, kwa hiyo mtengenezaji huhamishia sabufa kila kilicho chini ya hezi 150 au hata 200. Sasa, sikio la binadamu haling'amui sauti nzito sana inatokea upande gani, na ndiyo maana sabufa inayoishia kwenye hezi 80 hivi unaweza kuificha nyuma ya kochi bila mtu kujua. Ukiipandisha hadi 200, siri inafichuka. Msomaji wa habari yuko mbele yako kwenye skrini, ila kifua chake kinaongea chini ya meza ya kona. Na kwa kuwa besi ya dukani imepandishwa hadi mwisho, inazifunika herufi kama s, f na t, ambazo nguvu yake iko juu ya hezi 2,000 na ndizo zinazotofautisha neno na neno.

Hakuna uchawi wa kulikwepa hili. Anton Hofmann, mmoja wa waasisi wa kampuni ya spika ya KLH ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1957, ndiye anayetajwa kwa kanuni ambayo mafundi wanaifuata hadi leo: boksi dogo, besi ya kwenda chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua viwili, cha tatu utakikosa. Mwaka 1954 mvumbuzi Edgar Villchur alikuwa ameshatoa AR-1, spika ya boksi dogo lililozibwa kabisa, yenye besi iliyowashangaza watu wa wakati ule. Bei yake ilikuwa kwenye amplifaya: ilitaka umeme mwingi. Leo ukiambiwa kijispika cha ukubwa wa kiganja kina vyote vitatu, ujue kuna kimoja hakisemwi.

Kisha kuna wati. Kwenye boksi pameandikwa PMPO 10,000 kwa herufi za dhahabu. Igeuze sabufa, usome kile kibandiko cha nyuma panapoingia waya wa umeme: volti 220 hadi 240, wati 60. Mashine inayokula wati 60 ukutani haiwezi kutoa elfu kumi, na hata hizo 60 haitatoa zote, kwa kuwa nyingine zinapotea kuwa joto. Kipimo cha kutazama ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo bila kuchoka. Hata RMS yenyewe isikutie wazimu. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linalihisi kwa kiasi. Ili usikie sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takriban mara kumi ya wati. Tazama pia wepesi wa spika, yaani sauti inayoitoa kwa wati moja: yenye desibeli 88 inaifikia yenye 85 kwa nusu ya umeme. Kwenye sebule ya kawaida, kwa sauti ya kawaida, spika zinatumia wati chache mno.

Basi mwenye laki kadhaa mfukoni anunue nini? Spika mbili nzuri. Ziwe ndogo za kukaa mezani, zenye koni ya inchi 4 au 5 na twita, kile kijispika cha sauti nyembamba, kila moja na kazi yake. Kuna zenye amplifaya ndani, huhitaji mashine nyingine. Mfano unaofahamika ni Edifier R1280T: koni ya inchi 4 na wati 42 za RMS kwa spika zote mbili. Ziweke hizo 42 kando ya zile 10,000 na utaelewa kwa nini muuzaji hana hamu ya kukuonyesha. Ukikaa katikati ya spika mbili zinazolingana, maneno yanasimama kwenye skrini kana kwamba kuna spika ya tatu hapo.

Najua nitakachojibiwa: familia haikai katikati. Ni kweli, aliyejibanza mwisho wa kochi ataisikia spika iliyo karibu naye zaidi. Nyumba yenye watu wengi itafaidi spika ya katikati, mradi iwe ya ukoo mmoja na zile mbili, na ndiyo iwe ununuzi wa pili. Sabufa iwe wa tatu. Za nyuma ziwe za mwisho, na wengi wetu hatutazihitaji. Vituo vyetu vingi vya televisheni vinarusha sauti ya njia mbili. Zile sinema za kutafsiriwa, za Lufufu huku kwetu au za DJ Afro kwa Wakenya, zina sauti ya mtafsiri iliyolazwa juu ya kila kitu, na nakala zake kwa kawaida ni za njia mbili. Spika zako za nyuma hapo zinarudia tu yaliyosemwa mbele.

Mtumba nao usiudharau. Spika za zamani za Ulaya na Japani zina maboksi ya mbao na koni za heshima. Kagua sponji inayoizunguka koni, kwa sababu joto na unyevu wa pwani huila hadi ikamomonyoka kwa kidole. Fundi anaweza kuibadilisha, ila gharama hiyo uitoe kwenye bei. Soma na omu nyuma ya spika: zilizotolewa kwenye seti za sinema huwa na omu 3 au 4, na amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 8 inaweza kuungulia hapo. Kabla ya yote, angalia matundu ya televisheni yako. Nyingi za sasa hazina tena matundu ya kutolea sauti ya nyekundu na nyeupe. Zina HDMI ARC, tundu la waya wa mwanga (optical), au tundu la hedifoni.

Halafu kuna sebule yenyewe. Tunajenga kwa vigae chini, jipsamu juu na madirisha makubwa ya alumini, kisha tunalalamika spika zina mwangwi. Zulia na pazia zito vinasafisha maneno kuliko spika ya tatu. Zitoe spika ndani ya kabati, ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa, na umbali kati yake ukaribie umbali wa kutoka hapo hadi kwenye kochi.

Sina ugomvi na besi. Singeli bila besi ni kusoma mashairi tu. Lakini besi safi ni ghali, na besi ya bei rahisi inapiga noti moja ile ile, iwe ni bomu, ngoma au mlango umefungwa. Kwenye nyumba za kupanga, ndiyo sauti inayopenya ukuta kirahisi kuliko zote. Jirani anaipata yote wala hachangii king'amuzi.

Kwa hiyo ukienda dukani, beba flashi yenye kipande cha taarifa ya habari, kiwe na msomaji wa kiume na wa kike. Mwambie kijana arudishe besi katikati, azime taa za rangi, na apunguze sauti iwe ya watu wanaozungumza mezani. Simama hatua nne nyuma. Kama unayashika majina yote ya watu na ya mikoa, mwambie apandishe, usikilize kama sauti inakwaruza. Akikwambia spika hazijaribiwi kwa taarifa ya habari, muage vizuri uvuke barabara. Kariakoo haijawahi kuwa na duka moja.