Premio au Allion: Majina Mawili, Gari Moja

Hapa mjini Eldoret zipo familia zisizo chache ambazo zimo katika mjadala mmoja. Baba anataka Toyota Premio. Mama amepiga hesabu ya karo ya muhula ujao na kusema Allion itatosha. Watoto nao wanataka tu gari litakalowafikisha shuleni kabla ya kengele. Fedha zenyewe ni akiba ya miaka, au mkopo wa chama cha ushirika, au mauzo ya mahindi, na zikishatoka hazirudi.

Wacha niseme mapema ninaloamini. Mjadala huo, kwa kiasi kikubwa, ni wa jina. Premio na Allion ni pacha. Toyota iliyatoa yote mawili Desemba 2001, Premio ikichukua nafasi ya Corona na Allion ikimrithi Carina, magari ambayo wazazi wetu waliyajua vyema. Kizazi cha pili kilifuata Juni 2007, na yote mawili yakaacha kuundwa Machi 2021. Injini ni zilezile, giaboksi ni ileile, na kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 2,700 kwa kila moja. Premio ilitiwa madoido ya kung'aa usoni ili impendeze mtu wa makamo. Allion ikapewa sura ya ujana. Hata upana ni mmoja, milimita 1,695, kwani Japani gari likizidi mita 1.7 huhesabiwa katika daraja la makubwa. Kwa hivyo watu wazima watatu wakiketi nyuma watabanana, liwe hili au lile.

Hata hivyo, pitia yadi za magari uulize bei. Aghalabu Premio huitishwa pesa nyingi kuliko Allion ya mwaka uo huo. Hiyo tofauti ni ya nini? Ni ya heshima. Mwenye Premio huonekana mtu aliyetulia maishani, na siku ya kuliuza, mnunuzi hapatikani kwa shida. Hoja hiyo ya kuuza si ya kupuuzwa ikiwa wewe hubadilisha magari kila baada ya miaka mitatu. Lakini kama unanuia kukaa nalo hadi mtoto wa gredi ya pili amalize sekondari, basi ziada hiyo umewalipia majirani walitazame. (Mashabiki wa Nissan Sylphy mtaniwia radhi, zamu yenu itafika.)

Ningependa familia ziache jina kidogo, zijadili injini. Mji wetu uko takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na tabochaja hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Ile ya cc 1500, ambayo kiwandani huandikiwa nguvu za farasi 110 hivi, huku kwetu hubaki na kama 88. Kutoka Kapsoya hadi hospitali ya rufaa ya Moi na kurudi, hizo zatosha kabisa. Lakini pakia watu watano, tia gunia la mahindi kwenye buti, kisha uukabili mlima wa Timboroa nyuma ya lori la mafuta. Kulipita lori hilo kwa cc 1500 ni kucheza na roho za watu. Anayesafiri Nakuru mara kwa mara na jamaa zake afikirie cc 1800, ingawa ushuru hupanda injini inapovuka cc 1500 na petroli huliwa zaidi. Asiyetoka mjini asijisumbue.

Jambo la pili ni giaboksi. Mengi ya magari haya ya kizazi cha pili hutumia ile aina isiyo na gia za kuhesabika, bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Ina mafuta yake maalumu. Fundi asiyejua akimimina ya kawaida, mkanda huo huanza kuumia polepole, na kununua giaboksi nyingine kwaweza kumeza nafuu yote uliyoipata kwa kuchagua Allion. Muulize muuzaji ni lini mafuta hayo yalibadilishwa na ni ya aina gani. Akibabaika, punguza bei au uondoke.

Wanaotaka kuagiza Japani nao wajue kwamba Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa kuwa uundaji ulikoma 2021, kila Januari mlango huo wazidi kufungika, na yaliyobaki yatakuwa yale yaliyokwisha kutumika humu nchini. Hayo, hakikisha jina la mmiliki kupitia NTSA kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza, wala usiamini kilomita za kwenye dashibodi bila kutazama pedali na usukani vilivyochakaa.

Kisha nenda kulitazama asubuhi na mapema, wakati baridi ya Eldoret ingali kali, na uweke mkono juu ya boneti kabla halijawashwa. Ukikuta ina joto, mwambie muuzaji utarudi kesho.